Sultani Aliyefunga Nyaraka kwa Jina la Shiva

Kila ninapoeleza habari za Vijayanagara, dola iliyosimikwa kusini mwa India kando ya mto Tungabhadra, mwaka 1336 kwa hesabu iliyozoeleka, huanzia kwenye cheo kimoja kilichochongwa katika mawe: hindu-raya-suratrana. Neno la mwisho ni "sultani" lililovishwa Kisanskriti, na katika sikio la msomi wa lugha hiyo lilitoa pia maana ya "mlinzi wa miungu". Tangu katikati ya karne ya 14, wafalme waliofunga nyaraka zao kwa jina la Virupaksha, ambaye ni mungu Shiva kama alivyoabudiwa mahali pale, walijiita masultani miongoni mwa wafalme wa Kihindu.

Hapa Kiswahili kinatufaa, maana kinatenganisha Mhindi na Mhindu. Kwa maoni yangu, "hindu" ya cheo hiki iko karibu zaidi na Mhindi, mtu wa nchi hiyo, kwa kumtofautisha na Waturuki waliotawala Delhi, kuliko na mfuasi wa dini fulani.

Usultani ulikuwa lugha ya mamlaka iliyoeleweka mbali. Mwaka 1443 Abd al-Razzaq, mjumbe wa mfalme Shah Rukh kutoka Herat, katika Afghanistan ya leo, alipokewa na Deva Raya wa Pili, mfalme wa Vijayanagara. Farasi wa vita nao waliletwa kwa merikebu kutoka Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, na Uarabuni. Deva Raya aliajiri wapiga mishale Waislamu, na mwaka 1439 Ahmad Khan, mmoja wa watumishi wake, alijenga msikiti katika mji mkuu wa dola. Maandishi ya msikiti huo kwa Kikannada, lugha ya eneo hilo, yanauita dharmasale, jumba la wema, na kusema kwamba thawabu zake ni za mfalme. Jengo lenyewe ni ukumbi wa nguzo usio na kuba wala mnara, ambao mgeni angeudhania kuwa wa hekalu.

Mavazi ya baraza yalifuata mkondo huohuo: joho refu liitwalo kabayi, neno lenye asili ya Kiarabu, na kofia ndefu ya kullayi, ambayo jina lake ni la Kiajemi. Katika hekalu la Tirumala imo sanamu ya shaba ya Krishnadevaraya, mfalme wa Vijayanagara aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529, akiwa pamoja na wake zake wawili. Joho halipo, kifua ki wazi kama impasavyo mja mbele ya Vishnu, mungu wa hekalu hilo, viganja vimekutanishwa kwa ibada. Kofia ndefu, hata hivyo, hakuivua.