Kopo la asubuhi: jinsi ya kumsaidia paka wako asinenepe kupita kiasi

Mama mmoja wa mtaa wa South C, Nairobi, alimleta paka wake kwenye kliniki yetu kwa sababu manyoya ya mgongoni yalikuwa yameshikana mafundo. Alidhani ni ugonjwa wa ngozi. Nilipomweka mezani, tatizo lilionekana kabla sijayagusa manyoya: Chui, kama wanavyomwita, alikuwa hawezi tena kujipinda akafikia mgongo wake kujilamba. Mizani ilionyesha kilo 6.8. Kwa umbo lake, alipaswa kuwa na kilo 5 na kidogo.

Nilimuuliza mama anamlisha nini. "Kidogo tu, daktari. Asubuhi na jioni." Alikuwa anasema kweli. Lakini dada wa kazi naye alimpa omena (dagaa) saa saba mchana, watoto wakitoka shule walimmiminia maziwa, na baba akirudi usiku alimkuta paka analia mlangoni, akamjazia bakuli. Kila mmoja alitoa kidogo, na hakuna aliyejua wenzake wametoa nini.

Hali hii naiona kila wiki. Paka wengi wa Nairobi siku hizi wanaishi ghorofani, hawatoki, na wamehasiwa. Kuhasi ni jambo jema na nitaendelea kulihimiza, kwa maana paka wachanga wanaotupwa majalalani ni wengi mno. Ila paka akishahasiwa, chakula anachohitaji hupungua kwa kama robo, huku hamu ya kula ikiongezeka. Hilo wenye paka wengi hawaambiwi.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Paka wa kilo 4 anayekaa ndani anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Chakula kikavu cha dukani huwa na kalori kama 3.5 hadi 4 kwa kila gramu, kwa hiyo gramu 60 hivi zinamtosha kutwa nzima. Ukimiminia kwa mkono bila kupima na zikazidi gramu 10 tu, umemwongezea karibu sehemu moja ya sita ya chakula cha siku. Nusu kikombe cha maziwa, yaani mililita 100, ni kalori 60 na ushee: robo ya siku yake imekwisha kabla hajala chochote. Isitoshe, paka wengi wakishakua maziwa huwaharisha. Maji safi ndiyo kinywaji chake.

Kwa hiyo nilichomwomba mama wa Chui ni kitu kimoja. Atafute kopo lenye kifuniko, kila asubuhi apime chakula chote cha siku kwa mizani ya jikoni, akitie humo, na yeyote anayetaka kumlisha paka achote humo humo. Likiisha, limeisha hadi kesho. Watoto hawakunyimwa furaha ya kumlisha, ila sasa wote wanachota mahali pamoja. Omena ikitolewa, chembe kadhaa zinapunguzwa koponi. Na ugali uliolowekwa kwenye mchuzi niliukataza kabisa: paka ni mla nyama, na anahitaji taurini, kirutubishi ambacho hakimo kwenye unga wa mahindi. Akikikosa kwa muda mrefu, moyo na macho yake huharibika.

Kumpima paka si lazima uwe na kifaa. Kunja ngumi, upitishe kidole kwenye vifundo: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, upapase mifupa iliyo nyuma yake: hapo ndipo tunapotaka, mbavu zihisike chini ya utandu mwembamba bila kubonyeza. Zikihisika kama kiganja chenyewe upande wa ndani, chini ya kidole gumba, amezidi. Mtazame pia kutoka juu akiwa amesimama, uone kama ana kiuno. Ile ngozi inayoning'inia tumboni na kuyumba anapotembea isikutishe, hata paka wembamba wanayo.

Na hapa nawasihi mnisikilize vizuri. Usimnyime paka mnene chakula ili apungue haraka. Usimbadilishie chakula ghafla ukisema njaa itamfundisha. Paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyahimili. Ini hujaa mafuta na kushindwa kazi, ufizi na macho vikageuka manjano. Nimewapoteza paka kwa njia hii, na wenye paka hao walikuwa wanataka kuwasaidia. Apungue polepole, asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki au chini ya hapo. Kwa Chui ilikuwa gramu 50 au 60. Chakula kipya kichanganywe na cha zamani kwa siku 7 hadi 10, na akigoma kula siku nzima, mlete kwa daktari.

Akilia alfajiri kabla ya adhana, usiamke kumlisha, kwani ukiamka mara moja amejifunza. Afadhali ugawe lile kopo mara nne au tano. Porini paka hula panya mmoja mmoja mara nyingi kwa siku, kila mmoja kalori 30 hivi, kwa hiyo milo midogo midogo ndiyo asili yake. Sisi hutumia trei ya mayai: weka chembe chache katika kila kishimo, aziokote kwa kucha. Chui alihangaika nayo robo saa siku ya kwanza. Baada ya miezi saba alikuwa na kilo 5.5, na mafundo mgongoni hayakurudi, maana sasa anajilamba mwenyewe.

Ikiwa umepima kwa uaminifu miezi miwili na uzito hausogei, uliza kwanza kama kuna jirani anayemlisha. Lakini paka aliyepita miaka 10 akianza kukonda huku anakula vizuri, usifurahi kwamba amepungua. Inaweza kuwa ugonjwa wa tezi ya shingoni, kisukari au ugonjwa wa figo, na inafaa aonwe na daktari wiki hiyo hiyo.