Wafungwa Wamepungua, Pengo la Rangi Limebaki

Marekani ina karibu watu milioni 2 walio magerezani na rumande. Wengi wanaamini kwamba idadi hiyo ikishuka, ubaguzi wa rangi nao utashuka wenyewe. Jimbo la New Jersey linaonyesha kwamba si hivyo. Mwaka 1999 magereza ya jimbo hilo yalikuwa na wafungwa zaidi ya 31,000, na kufikia mwisho wa mwaka 2020 walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu. Lakini mwaka 2016, wakati maelfu walikuwa wameshapunguzwa, taasisi ya The Sentencing Project ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba New Jersey inaongoza majimbo yote kwa pengo la rangi: kiwango cha kufungwa kwa watu weusi kilikuwa kama mara 12 ya kile cha weupe.

Imekuwaje? Tuanze na sheria moja ambayo hakuna mzazi ambaye angeipinga.

Mwaka 1987 jimbo lilipitisha sheria kwamba mtu akiuza dawa za kulevya, au akikutwa nazo kwa nia ya kuuza, ndani ya futi 1,000 kutoka shule (karibu mita 300), lazima afungwe, na asifikiriwe kwa paroli, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, mpaka atumikie muda uliowekwa. Hakimu alifungwa mikono. Haikujalisha kama ni saa nane ya usiku, kama shule imefungwa kwa likizo, wala kama hakukuwa na mtoto hata mmoja karibu.

Sasa chukua ramani. Newark ni mji uliobanana, shule ziko kila baada ya mitaa michache, na wakazi wake wengi ni weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Ukichora duara la futi 1,000 kuzunguka kila shule, maduara yanapandana mpaka yanafunika asilimia 76 ya mji. Katika mji mdogo wa Mansfield, wenye mashamba na nyumba zilizoachana, maduara hayo yanafunika asilimia 6 tu. Kwa hiyo vijana wawili wenye kiasi kilekile cha dawa walikuwa chini ya sheria mbili tofauti. Wa Mansfield aliweza kupewa kifungo cha nje, wa Newark alikwenda jela. Tume ya jimbo iliyopitia adhabu ilipotoa ripoti yake mwaka 2005, ilikuta kwamba asilimia 96 ya waliotiwa hatiani na kufungwa kwa sheria hiyo walikuwa weusi au Walatino. Ilipendekeza umbali huo wa kutoka shule upunguzwe hadi futi 200. Mwaka 2010 ndipo mahakimu waliporudishiwa uhuru wa kutoa adhabu nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Hakuna neno "mweusi" katika sheria ile. Polisi, mwendesha mashtaka na hakimu wangeweza wote kuwa watu wasio na chuki hata kidogo, na matokeo yakawa yaleyale. Nao ubaguzi wa watu binafsi upo, siukatai. Ila kuwafundisha polisi wasibague hakuwezi kurekebisha kosa lililoandikwa ndani ya sheria yenyewe.

Serikali kuu ilifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1986. Gramu 5 za kreki, yaani kokeini iliyopikwa ikawa vijiwe, zilileta kifungo cha lazima cha miaka 5, wakati kokeini ya unga ilihitaji gramu 500. Walioshtakiwa kwa kreki wengi mno walikuwa weusi. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipunguza uwiano huo kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1, lakini waliokwisha kufungwa wakasubiri hadi sheria nyingine ya mwaka 2018 ndipo waombe kupunguziwa.

Dhamana nayo ina somo lake. Utafiti wa mwaka 2013 ulikuta kwamba asilimia 12 ya watu waliokuwa katika jela za kaunti za New Jersey walikuwa humo kwa sababu tu walishindwa kulipa dhamana ya dola 2,500 au chini ya hapo. Tangu Januari 2017 mahakimu wa jimbo hilo hupima kama mtu ni hatari au atatoroka, na fedha hazitakiwi ila kwa nadra sana. Mahabusu walipungua kwa zaidi ya theluthi. Ni mageuzi mazuri, na wapo weusi wengi waliorudi kwa familia zao na kazi zao. Hata hivyo weusi, ambao ni karibu asilimia 15 ya wakazi, waliendelea kuwa zaidi ya nusu ya waliobaki ndani. Kipimo cha hatari huangalia hukumu za nyuma, na hukumu hizo nyingi zilizaliwa na sheria kama ile ya shule.

Mwaka 2008 jimbo la Iowa lilianza kutaka mswada wa adhabu ufanyiwe tathmini kabla ya kura: utawaangukia akina nani, na kwa kiasi gani? New Jersey ilifuata mwaka 2018. Naona hii ni hatua ya maana, ingawa haimzuii mbunge kupiga kura anavyotaka, na haigusi sheria zilizokwishapita.

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani bila uraia: kesi nyingi mno huko huishia kwa mtu kukiri kosa kwa makubaliano, wala hazifiki kusikilizwa. Kukiri kosa la dawa za kulevya kunaweza kukufukuzisha nchini hata kama una kibali cha kudumu. Tangu mwaka 2010 Mahakama ya Juu imeamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kukueleza hatari hiyo. Muulize kabla ya kutia saini.

Huko New Jersey, tume mpya ya adhabu ilipendekeza mwaka 2019 kwamba vifungo vya lazima kwa makosa ya dawa yasiyo na ukatili viondolewe kabisa. Aprili 2021 Mwanasheria Mkuu wa jimbo aliwaagiza waendesha mashtaka waache kuviomba. Agizo hilo halikufuta sheria, na mwanasheria mkuu mwingine anaweza kuliondoa kwa barua moja. Wenye uwezo wa kuifuta ni wabunge.