Je, wajua kwa nini laptop mbili zenye nembo moja hazidumu sawa?

Jina la HP lililo kwenye EliteBook ndilo hilo hilo lililo kwenye HP 15 ya bei ya chini. Dell nao, hadi mwaka 2025, waliweka jina moja kwenye Latitude na Inspiron, na Lenovo huuza ThinkPad na IdeaPad. Tofauti ni mnunuzi aliyekusudiwa. EliteBook, Latitude na ThinkPad T zimelenga ofisi zinazonunua mamia kwa mkupuo na zisizotaka kushinda kwa fundi. Nyingine hushindana kwa bei, kwa hiyo gharama hupunguzwa pale jicho la mteja lisipofika. Kwenye bawaba, kwa mfano.

Fungua kava ya chini ya mashine ya bei nafuu uangalie kona ya nyuma. Mkono wa bawaba umefungwa kwa skrubu chache fupi zilizoingia kwenye vinati vya shaba ya manjano, navyo vimezamishwa kwenye vinguzo vya plastiki. Basi, hakuna kingine kinachoushika. Grisi ikikauka bawaba huwa ngumu, na kila unapoinua kioo nguvu huishia kwenye plastiki hiyo. Ukizoea kuinua kwa kona moja, upande mmoja ndio unaoumia. Kwanza utasikia "ka!", kisha ukingo wa kava uanze kuachana. Ukiendelea kufungua hivyo hivyo, vinati hung'oka, na waya wa kioo unaopita hapo hapo unaweza kukatika.

Fundi akisema atagandisha kwa gundi ya epoksi, mwulize kama atailegeza bawaba kwanza. Nati ya mwisho wa mhimili hulegezwa robo mzunguko, anajaribu, kisha robo nyingine, mradi kioo bado kisimame unapokiacha. Akigandisha tu, gundi itang'oka na kipande cha plastiki. Bawaba zisizo na nati ni za kubadilisha.

Dukani, rangi ya fedha isikudanganye, maana plastiki nayo hupakwa. Metali huwa baridi ukiigusa, ingawa hata hilo halitoshi: kuna mashine zenye alumini kwenye mfuniko peke yake, huku bawaba zikishikwa na plastiki. Inua kioo polepole ukitazama ukingo wa nyuma. Ukiona unafunuka, irudishe. Kisha ishike kwa kona moja ya mbele uinyanyue, usikilize kama inalia.

Ndiyo maana ThinkPad T480 ya mwaka 2018 iliyotumika, yenye nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kompyuta) na betri ya nyuma inayochomoka, inaweza kuishinda mashine mpya ya bei ileile. Shida yake ni betri iliyochoka. Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri), andika powercfg /batteryreport, fungua faili la ripoti litakalotajwa hapo, kisha linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa ikijaa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, mwambie muuzaji akupunguzie kiasi cha bei ya betri mpya.