Je, wajua kwa nini kikoba huvunjwa kila mwaka?

Kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha kinakwenda vizuri, sanduku limenona. Ikifika Desemba wanachama wanalifungua, wanagawana karibu kila kilichomo, kisha wanaanza upya. Kwa nini wasiache fedha ziendelee kukua?

Utaratibu huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma. Kwa hiyo kila kitu kilibidi kionekane na kusikika. Leo hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, kwa kawaida moja hadi tano kila kikao. Sanduku lina makufuli matatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Kabla ya kulifunga, kiasi kilichobaki hutangazwa na watu wanakikariri. Kikao kijacho kiasi hicho kinahesabiwa tena mbele yao.

Kuvunja ndiyo hesabu kubwa kuliko zote. Chukua kikoba cha hisa ya shilingi 2,000. Kwa mwaka wanachama wamenunua hisa 3,000, yaani wameweka milioni 6. Mikopo imerudi na riba, faini za wachelewaji zimo (pamoja na za wale ambao simu zao huita katikati ya kikao), na jumla ni milioni 7.2. Gawanya kwa 3,000: kila hisa imekuwa 2,400. Mama mwenye mihuri 150 aliweka 300,000, anaondoka na 360,000. Mwenyekiti hana hotuba ya umoja itakayomshawishi zaidi ya hapo.

Tena, tarehe ya kuvunja huwabana wadaiwa, na aliyechoka hujitoa bila ugomvi. Mfuko wa jamii huwa kando, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Vikundi vingi haviugawi.

Siku hizi vikundi vingine hutumia akaunti ya kikundi kwenye simu, maana sanduku lililojaa Desemba huvutia wezi.

Kuna jambo moja silipendi. Baadhi ya vikoba humlazimisha kila mwanachama kukopa ili gawio linenepe. Asiye na biashara ya kuizungusha fedha hiyo hulipa riba kutoka mfukoni mwake, halafu Desemba anashangilia faida ambayo sehemu yake aliitoa mwenyewe.