Je, wajua? Petroli na dizeli hupanda Nairobi kwa bomba moja

Matatu inajaza dizeli kwenye kituo cha Barabara ya Jogoo. Pembeni, mtu wa boda boda anawekewa petroli ya shilingi mia mbili. Mafuta yote mawili yametoka Mombasa kwa bomba lilelile, na ndani ya bomba hilo hamna ukuta, mpira wala kizibo cha kuyatenga. Yanafuatana, kichwa cha hili kikigusa mkia wa lile, kwa kilomita 450. Mbona basi hayafiki yakiwa mseto?

Jibu kubwa ni mwendo. Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi, la inchi 14, lilianza kazi mwaka 1978. Lililochukua nafasi yake mwaka 2018 ni la inchi 20, na kila mita yake hubeba karibu lita 190. Likijaa lote lina takriban lita milioni 85. Likisukumwa lita milioni 1 kwa saa, mafuta yanakwenda kilomita 5 na kitu kwa saa, yaani mwendo wa mtu wa Mukuru anayewahi kazi Industrial Area kwa miguu. Petroli iliyoingia bombani Changamwe, Mombasa, Jumatatu asubuhi inafika Nairobi Alhamisi usiku.

Mwendo huo unaonekana mdogo, lakini katika bomba pana namna hiyo unatosha kuyavuruga mafuta, na huo msukosuko ndio unaosaidia. Mafuta yakipita taratibu mno, yale ya katikati hukimbia mbele na yale yanayogusa chuma hubaki nyuma yakikokota. Dizeli inayofuata hupenya katikati ya petroli kama mkuki, na mkia wa petroli unabaki umeganda ukutani kilomita nyingi nyuma. Yakienda kwa msukosuko, sehemu zote za bomba husogea karibu kwa kasi moja, na mpaka kati ya dizeli na petroli unabaki mfupi.

Mfupi, si kwamba haupo. Kwa kanuni wanazotumia wahandisi wa mabomba, mpaka huo ukifika Nairobi una urefu wa kama kilomita moja na nusu, au lita 280,000 hivi za mafuta yasiyo petroli wala dizeli. Jambo la kufurahisha ni kwamba hauongezeki sawasawa na umbali: safari ikiwa ndefu mara nne, mchanganyiko unaongezeka mara mbili tu. Wala haujali ukubwa wa shehena. Ukituma lita milioni 1 utapoteza kiasi kilekile ambacho ungepoteza kwa kutuma milioni 20, ndiyo maana shehena ndogo hazipewi nafasi.

Mpangilio nao una hesabu yake. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 720 hadi 775, mafuta taa na ya ndege 775 hadi 840, dizeli 820 na zaidi. Kwa kawaida yanayokaribiana ndiyo hupangwa jirani, na mafuta taa hukaa katikati kama mwamuzi. Petroli kidogo tu ikiingia kwenye dizeli, dizeli hiyo hutoa mvuke unaoshika moto kwa urahisi, na tangi lililokuwa salama linageuka hatari. Mafuta taa kidogo ndani ya dizeli hayana kishindo hicho. Mafuta ya ndege ndiyo mdekezwa wa bomba zima: yenyewe hayapokei tone la jirani. Mpaka wake wote hukatwa upande wa pili, dizeli ikabeba mzigo.

Huko Nairobi, kipimo cha uzito kilichofungwa kwenye bomba husoma mafuta yanapopita. Namba ikianza kupanda kutoka 740 kuelekea 830, mpaka umefika, na wenye zamu wana kama dakika 17 tu za kucheza na vali. Mafuta safi yanaelekezwa kwenye tangi lake, ya katikati kwenye tangi la mchanganyiko, kisha dizeli inafunguliwa tangi lake. Wakichelewa dakika moja, zaidi ya lita 16,000 zimeingia pasipo pake. Ule mchanganyiko haumwagwi: hurudishwa kidogo kidogo ndani ya matangi makubwa, maabara ikipima kila mara.

Balaa halisi ni bomba kusimama. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kila mita 100 za kupanda hudai shinikizo la karibu bari 8, ndiyo maana baada ya Changamwe kuna pampu nyingine Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Umeme ukikatika wakati dizeli iko juu ya mlima na petroli chini yake, dizeli iliyo nzito huteleza chini na petroli hupanda juu. Mpaka wa kilomita moja na nusu unaendelea kurefuka hadi pampu ziwake tena.

Kitu kingine ambacho wenye magari hawapendi kuamini: matangini mafuta ya kampuni zote huchangamana. Kampuni iliyoingiza lita milioni 5 Mombasa inachota lita milioni 5 Nairobi, si zilezile. Rangi ya kituo haibadilishi petroli, labda kemikali wanazotia wenyewe baadaye.

Kwa hiyo ukiuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta taa, haikuharibikia bombani. Hiyo hutengenezwa kwenye lori au kituoni, na ndiyo sababu mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta taa shilingi 18 zaidi kwa lita, ili mchezo huo usiwe na faida. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, kivulini na mbali na moto. Petroli safi hukauka kwa dakika chache pasipo alama. Ikibaki doa la mafuta, kuna kitu kizito ndani yake.