Tingatinga kwanza, Matisse baadaye: wasanii wakubwa mikononi mwa watoto wa awali

Mtoto wa miaka mitano hana kazi na mwaka aliozaliwa msanii. Msimulie maisha ya Van Gogh, kesho yake atakumbuka sikio lililokatwa, basi. Kinachomkaa ni tendo: huyu alimjaza mnyama mmoja ubao mzima, huyu aliacha brashi akashika mkasi, huyu alifunga vizibo vya chupa kwa waya. Kwa hiyo ninapopanga somo la msanii kwa watoto wa miaka minne hadi saba, najiuliza swali moja: mikono ya mtu huyu ilikuwa inafanya nini ambacho mikono ya mtoto nayo inaweza? Nikikosa jibu, msanii huyo atasubiri hadi darasa la tatu.

Desturi iliyozoeleka ni kubandika picha ubaoni na kusema "haya, choreni kama hii." Hapo nusu ya darasa husema haiwezi, na nusu nyingine humsubiri mwalimu awachoree. Picha ya msanii mimi huitoa katikati ya kazi, mikono ikishaanza. Mtoto ambaye tayari ana rangi vidoleni huitazama picha kwa jicho la fundi. Anataka kujua mwenzake alifanyaje. Ichapishwe kwa rangi, ukubwa wa A3, steshenari yoyote yenye printa ya rangi itakutolea. Simu haiwafai watoto 40: wa mbele wanaona, wa nyuma wanapigana.

Rangi kwanza

Kazi nyingi hapa chini zinatumia rangi ya unga, kwa sababu rangi za dukani kwa darasa kubwa ni ghali, na kwa sababu unajua kilichomo. Chukua kikombe kimoja cha robo lita cha unga wa ngano, ukoroge na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Hatua hii usiiruke, maana bonge likishaiva halivunjiki tena. Ongeza vikombe viwili vya maji ya moto, injika kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Epua, tia vijiko viwili vya chakula vya chumvi na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji. Sabuni husaidia rangi itoke kwenye sare. Chumvi huchelewesha kuchacha, lakini usiizidishe: chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na wakati wa masika kazi itanata wiki nzima.

Mkorogo huo hutosha watoto 20 hadi 25 kupaka rangi ya nyuma. Kwa joto la Mwanza, bila friji, hukaa siku mbili. Ukianza kunuka uchachu, mwaga.

Kukoleza mkorogo huo, rangi ya posta (poster colour) iliyo ya unga mkavu ni bora kuliko rangi ya chakula, kwa sababu hufunika. Rangi ya chakula huonyesha kilicho chini yake na kushika nguo. Nyeusi hupatikana kwa mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi. Udongo mwekundu uliochekechwa hivyo hivyo hutoa hudhurungi nzuri sana. Bizari ya manjano hutoa manjano kali, ila ukitundika kazi penye jua hupauka upesi, kwa hiyo waambie watoto mapema.

Tingatinga: mnyama mmoja, ubao mzima

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na alifariki mwaka 1972. Kazi yote iliyolipa jina lake umaarufu ni ya miaka hiyo michache. Alichorea kwenye hadibodi, zile za kupigia dari, zilizokatwa mraba wa kama sentimita 60, kwa rangi ya mafuta inayong'aa ya kupakia baiskeli.

Picha nyingi zinazouzwa kwa watalii leo, zenye tembo, twiga, pundamilia na Mlima Kilimanjaro vyote pamoja, ni za waliokuja baada yake. Zake mwenyewe kwa kawaida zina rangi moja nyuma na mnyama mmoja aliyejaa mbele, pengine na tawi au ndege. Waonyeshe watoto hizo. Zile zilizojaa humvunja moyo mtoto kabla hajaanza.

Kata maboksi vipande vya mraba, sentimita 30 kwa 30. Mtu mzima avipake rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, siku moja kabla, na apake pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, boksi litajikunja likikauka, na kibao kilichojikunja hakipakiki. Lita moja, ikipakwa nyembamba, inatosha vibao 40 nyuma na mbele.

Siku ya kwanza ni ya rangi ya nyuma tu: rangi moja, kibao kizima, hadi kwenye kona. Watoto watataka kuchora hapo hapo. Ukiwakubalia, mnyama atachanganyika na rangi mbichi, na bluu juu ya chungwa itageuka tope. Weka vibao kivulini vikauke hadi kesho. Jua kali hukausha upesi lakini rangi ya unga hupasuka na kuanza kubanduka.

Siku ya pili toa picha ya Tingatinga. Usieleze. Uliza: mnyama anagusa wapi? Watoto wataona wenyewe kwamba mkia umefika kando, miguu imefika chini. Hapo wape sharti moja: mnyama wako aguse angalau kingo tatu. Wachore kwa chaki, kamwe si kwa penseli. Ncha ya penseli huzaa mnyama wa ukubwa wa kidole gumba katikati ya uwanja mtupu. Chaki ni nene, humlazimisha mtoto kutumia bega, na akikosea anafuta kwa kiganja.

Kuhusu mnyama, sioni kwa nini mtoto wa Nyegezi, hapa Mwanza, achore twiga wa kwenye kalenda. Kwenye mawe ya Mwanza kuna pimbi. Kuna yule mjusi wa mawe, dume, mwenye kichwa cha waridi iliyokolea na mwili wa bluu, ambaye ni kama amekwishapakwa tayari. Kuna sato, sangara, mwari, na korongo wanaozurura kwenye takataka za samaki. Mnyama ambaye mtoto amemwona akitembea hupata miguu inayotembea.

Ndani ya mistari ya chaki wajaze rangi moja au mbili, kisha mkaushe tena. Siku ya tatu ndiyo ya sherehe: mistari ya kuzungushia na madoa. Kwa madoa tumia kifutio cha nyuma ya penseli, pamba za masikio, au upande usio na baruti wa njiti ya kiberiti. Mkono ushuke wima na upande wima; akiburuta kidogo tu, doa linakuwa mkia. Doa likitanuka lenyewe, rangi ni nyepesi, ongeza mkorogo mzito. Likitoka na shimo katikati, kifaa kina rangi kidogo. Mzazi mmoja atauliza kwa nini samaki ana madoa mekundu. Mtoto mwenyewe amjibu.

Kuna watu watakaokushauri utumie rangi ya mafuta "ili iwe Tingatinga halisi." Usikubali. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Zote zina mvuke mkali, na kuzitoa kwenye ngozi kunahitaji mafuta ya taa au thina, vitu visivyofaa kupakwa mtoto.

Matisse: kupanga kabla ya kubandika

Henri Matisse (1869–1954) wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na baada ya hapo kazi nyingi alizifanya akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akakata maumbo kwa mkasi, nao wakayabana ukutani kwa pini, wakisogeza huku na kule mpaka aridhike. Konokono wake wa mwaka 1953, wa vipande vya karatasi za rangi, ana karibu mita tatu kwa tatu.

Walimu wengi hushika neno "mkasi" na kuiacha pini. Mimi naona pini ndiyo somo lenyewe. Mtoto akipewa gundi mapema, kipande cha kwanza anakibandika katikati na kazi imekwisha. Kwa hiyo gundi ifichwe kabatini siku nzima ya kwanza. Wapake karatasi wenyewe (manila ni bora, A4 ya rimu hujikunja ikilowa, gazeti lililopakwa rangi ya maji nalo linafaa), wakate, wapange juu ya manila nyeusi au nyeupe, wasogeze. Waambie wapange mara tatu kwa namna tofauti kabla ya kuchagua. Wakishachagua, piga picha kwa simu, maana upepo wa ziwani ukianza kuvuma mchana hautamjali mtu. Pepo hizo ndizo sababu ya kukaa na kokoto ndogo za kugandamizia.

Mikasi iwe ya ncha butu. Mtoto wa miaka minne ambaye hajawahi kukata aanze na vipande vyembamba vya upana wa sentimita mbili, vinavyokatika kwa mkato mmoja. Ushindi wa haraka. Baada ya hapo fundisha kwamba mkono wa mkasi hutulia na mkono wa karatasi ndio unaozunguka. Usipofundisha hilo, mtoto hupindisha kiwiko angani na umbo linakatika pabaya. Anayetumia mkono wa kushoto mtafutie mkasi wake au mwache achane kwa vidole, kwani mkasi wa kawaida humfichia mstari. Ukiwa na mikasi 10 kwa watoto 40, weka mikeka minne: mmoja unapaka, mmoja unakata, mmoja unachana, mmoja unapanga. Badilisha kila dakika 12 hivi.

Gundi ya siku ya pili ni ya unga wa muhogo: sehemu moja ya unga kwa sehemu sita za maji, ipikwe hadi iwe ya kung'aa. Ipakwe nyembamba kwenye manila, kipande kiwekwe juu na kugandamizwa kutoka katikati kwenda nje. Ikipakwa kwenye kipande, watoto hugandisha vidole na kukichana. Ikiwa nyepesi mno, manila nzima hufura mawimbi.

Mabaki usitupe. Tundu lililobaki baada ya kukata jani la gugumaji nalo ni jani, na watoto wakiligundua hilo wenyewe hawatashikika.

Wengine, kwa ufupi

El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na aliyefanyia kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kitambaa kikubwa cha chuma. Kwa watoto, vizibo vya soda havifai: ukingo wake unakata. Tumia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, na wasiwepo watoto wa chini ya miaka minne, kwa hatari ya kukabwa. Mtu mzima atoboe kwa msumari wa moto, nje, watoto wakiwa mbali na moshi; matundu mawili yanayotazamana, milimita tano kutoka ukingoni, yakisogea zaidi kifuniko hupasuka. Uzi wa kusukia nyavu ndio bora, haukatiki wala hauozi. Choma ncha yake kwa kiberiti iwe ngumu, itapita kwenye tundu bila sindano. Wadogo watunge mistari ya vifuniko 15. Mtu mzima au watoto wa miaka saba waunganishe mistari. Anatsui huwaachia wanaotundika kazi yake waamue mikunjo yake, kwa hiyo kila wiki kundi jingine lipewe zamu ya kuitundika upya.

Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, Mndebele aliyezaliwa mwaka 1935, hupaka kwa unyoya wa kuku bila rula. Manyoya ya bawa yaoshwe kwa sabuni na maji ya moto, yakaushwe, na yatumike upande wa ubapa. Yanatoa mstari mnyoofu kuliko brashi ya bei rahisi.

Piet Mondrian (1872–1944), Mholanzi wa mistari iliyonyooka na vyumba vya rangi, kwa umri huu simpendelei. Mistari yake inadai unyoofu ambao mtoto hana bado, na somo huishia kupaka rangi vyumba vilivyochorwa na mwalimu. George Lilanga (1934–2005), Mtanzania, watoto humpenda mno kwa masikio makubwa na madoa yake, lakini viumbe vyake ni mashetani kwa jina. Ongea na wazazi kwanza, au jumapili utasikia habari zako kanisani.

Kuhifadhi

Rangi na gundi ya unga ni chakula, na panya na mende wanajua. Usirundike kazi juu ya sakafu ya stoo. Zitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, angalau mita moja na nusu kutoka chini, mbali na ukuta unaopata unyevu. Usiziweke moja juu ya nyingine kabla ya siku mbili, zitashikana. Nyuma ya kila kibao andika jina la mtoto, tarehe, na jina la msanii, kisha mpe mzazi aende nacho nyumbani kabla ya mwezi kwisha. Ukungu ukishaanza kwenye kimoja, vya jirani vinafuata.