Kwenda Maskati masaa sita, kurudi manne? Siyo

"Mbona kwenda masaa sita, kurudi manne, na ndege ni ile ile?" Swali hili huletwa kaunta ya tiketi pamoja na jibu lake: ati upepo, ati dunia inazunguka. Hapana. Saa za kwenye tiketi ni za mahali. Ya kuondokea ni ya Unguja, ya kufikia ni ya Maskati, na Maskati wametutangulia kwa saa moja.

Tuseme tiketi inasema kuondoka 15:00, kufika 21:10. Ukitoa hivi hivi unapata masaa 6 na dakika 10. Kwanza irudishe 21:10 kwenye saa ya kwetu, iwe 20:10, ndipo utoe: masaa 5 na dakika 10. Kurudi unaondoka 09:00, unafika 13:10. Hiyo 09:00 kwetu ni 08:00, kwa hiyo ni 5 na dakika 10 vile vile. Masafa ya kwenda ni kiasi cha kilomita 3,900, na ya kurudi ni hizo hizo.

Dubai hesabu yake ni hiyo hiyo. Doha na Jidda saa zao ni zetu, toa tu. London ndiyo inayokorofisha: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba iko nyuma yetu masaa 2, miezi iliyobaki masaa 3, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Tiketi ya Agosti usiitumie kuhesabia safari ya Disemba. Na muda wa kusubiri ndege ya pili usigeuze chochote! Kufika Doha na kuondoka Doha zote ni saa za Doha.

Mwenye dawa za kila baada ya masaa 8 aiache saa yake ya mkononi kwenye wakati wa Unguja mpaka afike.

Upepo mkali wa juu kutoka magharibi upo, lakini unatesa njia kama ya London na New York. Njia ya Maskati inaelekea zaidi kaskazini, huko upepo hausogezi masaa mawili. Dunia nayo inazunguka pamoja na hewa yake.

Wengine husema: "Kwenda London kupitia Doha ni kuzunguka sana." Unguja hadi London moja kwa moja ni kama kilomita 7,440, kupitia Doha ni karibu 9,000. Angani tofauti haifiki masaa mawili. Kinachokula siku ni kusubiri.

La mwisho ndilo linalopoteza tiketi. Tiketi ikisema 01:30 Ijumaa, ni saa saba na nusu, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mzee anayeuita usiku wa Ijumaa hakosei, kwa hesabu yake usiku hutangulia mchana. Anayekosea ni anayekwenda kiwanjani Ijumaa baada ya Isha: ndege iliondoka jana yake usiku. Andika kwa kalamu kwenye tiketi: "Alhamisi, saa nne na nusu usiku, niwe kiwanjani."